Fundi wa Suruali na Sindano ya Ganzi

Wanaume kumi na mmoja tulikwenda kupimwa tezi dume kwa sababu ya Fundi, mimi nikiwa wa saba. Wa kumi na mbili alikuwa Fundi mwenyewe, na huyo ndiye aliyetutoa jasho. Naandika habari zake sasa, kabla watu wa Adams, mtaa wetu hapa Nairobi, hawajamgeuza malaika, maana nasikia tayari kuna wanaosema alikuwa mpole. Fundi hakuwa mpole. Alikuwa mdaku, mbishi na mwongo aliyebobea, na lau asingekuwa hivyo baadhi yetu tungekuwa udongoni.

Jina lake silitaji. Si kwamba ni siri, ni kwamba halikuwa na kazi. Mkewe alimwita Fundi. Mchungaji alimwita Mzee Fundi, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka, hatua chache kutoka Barabara ya Ngong: cherehani moja, benchi moja, na kioo chenye ufa uliomfanya kila mteja aonekane ana viuno viwili. Alishona suruali tu. Ukimpelekea shati alikuelekeza kwa mama mmoja upande wa pili.

"Shati ni ya kuonyesha watu," alisema. "Trouser ndiyo inakaa na wewe kwa shida."

Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji. Jioni nikishuka Adams nilipitia kwake kabla ya kwenda nyumbani, mara nyingine nikiwa na suruali na mara nyingi nikiwa sina. Aliniita Karani. Kwa miaka kumi na minne hakuniita vinginevyo, na siku nilipostaafu aliniambia nisijali, cheo hakijaondoka.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Ukimletea suruali hakukuuliza unataka nini. Kwanza aliigeuza nje ndani, akaitandika mezani, akaikagua polepole kama mama anayechagua mboga sokoni. Alianza na zipu. Zipu inayochakaa mapema ni zipu inayofunguliwa mara nyingi, tena kwa haraka. Kwa kijana wa Kilimani mwenye miaka ishirini na tano kuna sababu nyingine za haraka hiyo, ambazo Fundi aliziita za heri. Lakini mtu wa miaka hamsini na tano anayeleta zipu ya tatu mwaka mmoja, anayetaka kifungo kitolewe kiwekwe kulabu ya kufunguka upesi, ambaye zamani alipenda kaki na sasa anataka nyeusi tupu ili matone yasionekane, mtu huyo Fundi alimpangusia benchi.

"Keti, mkubwa. Usiku unaamka mara ngapi?"

"Fundi, mimi nimeleta zipu."

"Hata mimi naongea mambo ya zipu."

Hapo mtu alicheka, au alikasirika, au alijibu. Waliojibu ndio waliopona mapema. Fundi hakudai kuwa daktari. Alisema si kila anayekojoa sana ana saratani, wengi tezi imevimba tu kwa uzee, lakini huwezi kujua kwa kukaa nyumbani ukinywa maji kidogo. Aliwapeleka yeye mwenyewe. Alifunga kibanda, akavaa koti lake la kanisani, akakaa nao kwenye foleni akipiga domo mpaka wasahau kuogopa. Kwanza damu, na damu ikionyesha wasiwasi, kipimo kile kingine cha kuchukua vinyama. Nitakifikia.

Alikuwapo mzee mmoja wa Karen, mtaa wa matajiri, ambaye hakuwahi kufika kibandani. Suruali zake zililetwa na dereva, za kitambaa kizuri hadi Fundi akanawa mikono kabla ya kuzigusa. Katika miezi minne zilikuja zipu nne. Ya nne Fundi hakuitengeneza. Aliandika karatasi, akaitia mfukoni, kisha akaushona mfuko kwa uzi mwepesi ili dereva asichungulie: Mkubwa, zipu ni nzima. Shida iko kwa mkojo. Ona daktari. Ni mimi Fundi.

Siku tatu baadaye gari kubwa likaja likaziba njia yote ya nyuma ya maduka. Mimi nilikuwapo, nimekuja kuchukua suruali ya harusi. Akashuka mzee mrefu, suti ya kijivu, uso wa mtu ambaye hajaambiwa lolote tangu aoe.

"Wewe ndiye umeandika hii?"

"Ni mimi."

"Nani amekuambia habari yangu? Ni dereva?"

"Hapana. Ni trouser."

Yule mzee aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Halafu akaketi kwenye benchi letu lenye vumbi, akaangalia kushoto na kulia, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba wanapitia nyuma. Fundi akamwambia ni kweli, na kwamba tajiri wa Karen na maskini wa Kawangware hulala kitanda kimoja, ubavu mmoja, magoti kifuani. Mzee akafuta jasho. Huyo alikuwa wa nne, naye mpaka leo yuko mzima na bado hapendi kusalimiwa kwanza.

Mimi sikuletwa na zipu. Nililetwa na mdomo wa Mama watoto, aliyekwenda kumwambia Fundi kwamba choo cha nyumba yetu kimekuwa changu peke yangu. Fundi akanipeleka kupimwa damu, damu ikarudi na namba iliyomfanya daktari avue miwani. Nikaandikiwa kuchukuliwa vinyama. Nikaenda kazini na habari hiyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Ofisini kwetu palikuwa na wataalamu wa kila kitu ila bima. Waliponisikia, walifunga mlango, wakanipa ushauri wa kiume. Kubali sindano, walisema, hata zikiwa mia. Lakini wakikuletea ganzi, kataa kabisa. Ganzi ikishika sehemu zile haitoki tena. Shemeji ya mmoja wao alidungwa ganzi ya huko, na tangu siku hiyo yeye na mkewe wanaishi kama kaka na dada. Hakuna aliyemjua shemeji huyo kwa sura, lakini sote tulimhurumia. Nikatoka hapo nimekata shauri: bora uchungu wa nusu saa kuliko undugu wa maisha.

Nilipomwambia Fundi, aliweka mkasi chini.

"Karani, jino yako ya huku nyuma ulitolewa lini?"

"Mwaka juzi."

"Walikudunga ganzi?"

"Walinidunga."

"Mdomo ilikufa siku ngapi?"

"Siku? Masaa mawili, matatu hivi."

"Na saa hii ukikula omena, unaskia chumvi?"

"Naskia."

"Basi. Ganzi ni mgeni. Haikuji kuhamia."

Kisha akafanya somo. Alikuwa na ndimu ya chai yake. Aliitia ndani ya mguu wa suruali ya mtu, akaishika kwa nje na kutuita sote watatu tuliokuwa kwenye benchi tusogee. Tezi ndiyo hii, akasema. Mashine ya picha inaingia huku nyuma. Kabla ya mashine wanakupaka jeli yenye ganzi, na hiyo jeli ni ya mlango tu, haifiki kwenye ndimu. Ya ndimu ni sindano: moja kulia, moja kushoto, pale mishipa ya fahamu inapopita. Hizo mbili utazisikia kama siafu. Halafu unangoja. Ndipo daktari anaanza kuchukua vinyama, na Fundi akachoma pini moja moja kwenye ndimu, tak, tak, tak, mpaka kumi na mbili, maji yakamtiririka kwenye vidole. Mwenye suruali alikuja kesho yake akashangaa kwa nini inanukia hivyo.

Haya yote aliyapata kwa daktari mmoja wa Kilimani aliyekuwa mteja wake. Mtu anayepimwa mguu wa ndani hana pa kukimbilia, na Fundi alimpima polepole akiuliza maswali.

"Kuna watu wanafanya bila sindano ya ganzi, jeli peke yake," alitwambia. "Wengine hata jeli hawana. Uliza kabla ulale. Ukishalala hapo, wewe si mtu wa kuuliza."

"Na wewe unajuaje vile inaskika?" nikamuuliza.

"Mimi si nilifanyiwa! Nililala hapo ubavu, ganzi ikashika, nikapatwa na usingizi. Daktari ndiye aliniamsha akaniambia Mzee, tumemaliza, watu wanangoja kitanda."

Tuliamini. Nani angetilia shaka? Alieleza hata rangi ya shuka.

Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa lile la kungoja dakika kumi baada ya sindano. Fundi alisema ganzi ina adui mmoja hapa Nairobi, na adui huyo ni neno niko sawa. Sisi tuna ugonjwa huo. Mtu amegongwa na pikipiki, yuko mtaroni, unamuuliza uko aje, anakujibu niko sawa. Sasa daktari amekudunga zile mbili, ana foleni nje, anakuuliza, mzee, uko sawa, tuanze? Nawe kwa haya na adabu unamjibu niko sawa, daktari, wakati ganzi haijashika hata kidogo. Anaanza. Unalia. Unatoka ukisema ganzi ni uongo.

Basi alitufunza. Alichukua rula yake ya mbao, akasimama mbele yangu.

"Karani, uko aje?"

"Niko sawa."

Rula ikanipata gotini.

"Uko aje, Karani?"

"Niko sa..."

Rula tena. Watu wakapita wakidhani ninadaiwa. Ilinichukua jioni tatu kujifunza kumwambia binadamu mwenzangu kwamba siko sawa, nami nilikuwa na miaka hamsini na saba.

Siku yangu ilifika, kwenye kliniki ya yule daktari wa Kilimani. Nililala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, nikitazama ukuta uliobandikwa kalenda ya milima. Jeli, sawa. Mashine niliisikia vizuri sana, na nasema hivyo ili mtu asije akanidai baadaye. Ganzi haikufanyi usiwepo. Sindano mbili za siafu, nazo nikazisikia. Kisha daktari, si yule mteja wa Fundi bali mwenzake mgeni aliyekuwa zamu, akauliza kwa sauti nzuri kabisa, "Mzee, uko sawa? Tuanze?"

"Niko sawa, daktari," nikajibu.

Mdomo huu! Goti likanikumbusha kabla ya kichwa.

"La, la, la! Siko sawa! Bado! Fundi amesema dakika kumi."

"Fundi gani?" daktari akauliza.

Muuguzi akaanza kucheka. "Ni yule wa matrouser, daktari. Watu wake wote hukuja na hiyo dakika kumi yao."

Daktari akacheka pia, akavuta kiti, akangoja. Tukaongea habari za mvua. Baadaye akanigusa kwa ncha ya sindano akauliza, nikatafuta ile siafu nikaikosa. Tak ya kwanza ilinishtua kwa mlio wa kile chombo cha kuchukulia vinyama. Uchungu wenyewe ulikuwa kama kupigwa kidole mgongoni na mtu anayekuomba upishe njia. Nilihesabu kumi na mbili, nikashangaa kwamba imekwisha. Mkojo ulikuja na damu siku chache, kama Fundi alivyoonya, na wiki mbili baadaye nikaambiwa sina saratani, tezi imevimba tu, nimeze vidonge. Na kwa Mama watoto sikuwa kaka. Hilo nimelisema kwa ajili ya wale wa ofisini.

Nilikwenda mbio kumpa habari. "Fundi, haikuuma!"

Akanitazama usoni kwa muda. "Sawa sawa," akasema, akaendelea kupiga pasi. Nilidhani ana kazi nyingi.

Mtu huyu alikuwa na mambo yasiyoelewana. Alishonea nusu ya wanaume wa Ngong Road suruali zilizokaa mwilini vizuri, na yake ilishikwa kiunoni kwa pini ya mtoto. Alikemea uongo madhabahuni Jumapili, na Jumatatu akamwambia mteja kwamba kitambaa kimerudi kiwandani kumbe alikuwa amekisahau nyumbani. Sindano ya cherehani ilimtoboa kidole gumba hadi upande wa pili, akaichomoa kwa koleo akaendelea na pindo. Lakini wauguzi walipokuja kanisani kuchanja watu, Fundi aliyesimama wa kwanza kwenye foleni ili kutoa mfano alianguka chini kabla hajaguswa. Tulimpepea kwa vitabu vya nyimbo. Alipoamka alisema ni njaa, alikuwa amefunga. Mkewe akasema kwa sauti amekula viazi sahani mbili.

Ningalipaswa kuelewa siku hiyo. Sikuelewa mpaka lile koti.

Ilikuwa mvua ya Aprili, nimeshuka Adams bila mwavuli, Fundi akanivisha koti lake la kanisani nifike nalo nyumbani. Nikatafuta kitambaa mfukoni nijipanguse. Nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama noti kuukuu. Jina lake. Kipimo cha damu. Namba iliyozungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, kubwa kuliko ile yangu iliyomvua daktari miwani. Chini yake, maagizo ya kuchukuliwa vinyama bila kuchelewa. Karatasi ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Nilikaa kitandani na koti lenye maji. Mama watoto akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia bado.

Asubuhi nilikuwa kibandani kabla hajafungua.

"Fundi, hii ni nini?"

"Karatasi."

"Si ulituambia ulifanyiwa?"

"Nilifika mpaka kwa kitanda. Nikawaambia nimeacha pasi ikiwaka."

"Pasi yako ni ya makaa!"

"Hata ya makaa inaweza kuchoma kibanda, Karani."

Sikucheka. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka ikiwa hasira. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia mganga hajigangi, lakini mganga hakimbii. Alinisikiliza huku akitia uzi sindanoni, akatia mara tatu, ukakataa.

Kuanzia hapo alinipa sababu, na zote zilikuwa na adabu. Ni Pasaka, kila mtu anataka suruali. Ni sare za shule. Ni harusi ya mtoto wa mchungaji. Kisha ile aliyoipenda kuliko zote: daktari ni mteja wake. "Nimempima mguu ya ndani miaka saba. Leo nimgeuzie mgongo, kesho nimuulize anataka turn-up kwa pindo? Itakuwa aje?"

Nikamtajia kliniki nyingine tatu. Akasema hizo hazijui mambo ya dakika kumi.

Tukaunda kamati, kwa kuwa Nairobi hata paka akikwama juu ya mti tunaunda kamati. Tulikuwa sita kati ya wale kumi na mmoja tuliopitia mikononi mwake. Mzee wa Karen akawa mwenyekiti, kwani mwenye gari ndiye mwenyekiti siku zote. Tulikutana kwenye benchi la Fundi mwenyewe, mbele yake, tukafungua kwa maombi, tukasoma ajenda iliyokuwa na jambo moja. Azimio: hakuna suruali ya mwanakamati itakayoguswa na Fundi mpaka alale kwenye kile kitanda. Kila mmoja akachukua yake, hata zile ambazo hazijamalizwa. Mwenyekiti aliondoka na ya mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Fundi alishona muda wote huo, na tulipofika mwisho akainua kichwa.

"Mengineyo?" akauliza.

Wiki tisa alitushinda. Ningependa kuandika kwamba kamati ndiyo iliyombadilisha, tena nina kumbukumbu za vikao. Lakini ulikuwa mgongo. Alianza kusema kiti cha cherehani kimekuwa kibaya. Akabadilisha mto. Akabadilisha kiti. Asubuhi moja nilimkuta amesimama akishona pindo kwa mkono, kwa sababu kukaa hawezi, na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Karani," akasema, "nipeleke."

Majibu nitayasema hapa, nisije nikayaweka mwishoni kama mtu anayetaka kuliza watu. Yalikuwa mabaya. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaingia mifupa ya mgongo. Daktari alisema ingekuwa miaka mitatu mapema tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Walimpa dawa na sindano za kila baada ya miezi mitatu, akakaa nasi mwaka mmoja na nusu, na katika huo akamalizia suruali ya mwenyekiti. Tulimzika kwao, upande wa Kikuyu, shambani kwa baba yake. Nilikuwa na hasira naye kaburini, na leo nina hasira naye. Nilimpenda yule mtu. Ndiyo maana.

Lakini siku ninayotaka kuisema ni ile niliyompeleka. Ilikuwa kliniki ile ile ya Kilimani, saa nne asubuhi, korido yenye viti vya plastiki na wanaume watatu wanaongoja, kila mmoja akijifanya anasoma simu. Fundi alivaa suruali mpya, aliyojishonea usiku wa kuamkia siku hiyo. Muuguzi alipomwita alisimama, akaketi, akasimama tena. Nilimshika kiwiko mpaka mlangoni.

Mlango ukafungwa. Nikategemea kumsikia, maana mtu huyu hata sala ya chakula alikuwa akiitolea maelezo. Sikusikia kitu. Nikasikia daktari akiuliza, "Uko sawa, Fundi?" na sauti ndogo ikijibu, "Siko sawa. Ngoja." Wakangoja. Nikatazama saa yangu: dakika kumi, na mbili za ziada. Halafu tak. Niliposikia ya kumi na mbili nilikuwa nimesimama bila kujua.

Alitoka polepole, akaketi kwenye ukingo wa kiti kando yangu.  Nikadhani wamemuumiza.

"Imeuma?"

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Siku ile wewe ulirudi ukaniambia haikuuma."

"Ndiyo."

"Nilijua unadanganya."

"Nidanganye kwa nini?"

"Karani, mwanaume akisimama mbele ya tape yangu, anavuta tumbo ndani. Wote. Miaka thelathini sijapima tumbo ya ukweli. Mimi nikisoma namba, naongeza inchi mbili, kimya kimya, na trouser inamtosha. Sasa nyinyi mkarudi, kila mtu, haikuuma, haikuuma, kumi na mmoja. Na mimi nikaongeza inchi mbili za uchungu."

"Lakini wewe ndiye ulituambia haiumi."

"Nilikuwa nawadanganya ndiyo muende."

Alitazama mikono yake. "Kumbe nilikuwa nawaambia ukweli," akasema, na machozi yakaanza kumtoka, pale pale koridoni, mzee wa kanisa, bila kujificha. Nilimwekea mkono begani. 

Wale watatu waliacha simu zao. Mmoja, mzee mnene mwenye sweta la bluu, aliinuka, akaokota bahasha yake, akaanza kuelekea mlango wa kutokea.

"Mzee," Fundi akamwita, akijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Mzee, rudi ukae. Haiumi."

Yule mtu akasimama. "Haiumi? Na mbona unalia?"

"Nalia kwa vile haikuuma."

Yule mzee alimtazama kwa muda mrefu, bahasha mkononi. Kisha akarudi, akaketi.